Dawa ya Kila Ijumaa: Uchambuzi wa Kisa cha Pumu Kali ya Ngozi Tanga

Kuhusu kisa hiki

Mgonjwa ni mama wa miaka 29 mwenye pumu ya ngozi, yaani ukurutu, mkazi wa kijiji cha wavuvi nje ya mji wa Tanga. Jina, kijiji, hospitali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamegeuzwa ili asitambulike. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu, wauguzi, wafamasia na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, maana kila kundi kati ya hayo lilimshika mgonjwa huyu kwa wakati wake.

Swali linalosikika sana kwenye mada hii ni kama inafaa kumpa mgonjwa wa ngozi dawa inayoshusha kinga ya mwili. Kwa mama huyu swali hilo lilikuwa limechelewa. Kabla hajafika kliniki ya ngozi alikuwa ameshapewa dawa ya kushusha kinga mara 9. Dawa hiyo ni prednisoloni, steroidi ya kumeza, na hakuna aliyeiogopa.

Historia ya mgonjwa

Alianza kuwashwa na kutoka vipele kwenye mikunjo ya viwiko na magoti akiwa mdogo. Alikuwa pia na pumu ya kifua na mafua ya mzio. Alipofika umri wa kuvunja ungo ngozi ilitulia, ikakaa kimya miaka mingi. Ugonjwa ulirudi akiwa na miaka 24, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wake wa pekee, na safari hii haukubaki kwenye mikunjo: ulipanda shingoni, usoni, mgongoni, ukashuka hadi vifundoni.

Kazi yake ni kuparua na kukaanga samaki. Mikono hukaa kwenye maji ya chumvi na shombo tangu alfajiri, kisha husogea kwenye moto na jasho. Ngozi isiyoweza kushika maji yake yenyewe haivumilii siku ya namna hiyo.

Nyumbani alijaribu mengi. Shangazi yake alimsinga kwa singo yenye karafuu na marashi, na usiku ule hakulala. Alipaka piko kwa ajili ya harusi ya jirani, mikono ikavimba na kutoka malengelenge. Jambo hili la piko ni la kuandikwa kwenye faili la kila mwanamke wa pwani mwenye pumu ya ngozi: hina ya majani yenyewe mara nyingi haina tatizo, lakini piko nyeusi hutokana na rangi ya nywele, na kemikali iliyomo ni miongoni mwa zinazoleta mzio mkali kabisa wa ngozi.

Dukani alikuwa akinunua tyubu ya gramu 15 ya krimu iliyochanganya steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Tyubu moja aliitumia mwezi mzima, mwili mzima. Hesabu yake tutaiona mbele.

Kila alipozidiwa alikwenda kituo cha afya au duka la dawa, akapewa prednisoloni vidonge 6 vya miligramu 5 kila asubuhi kwa siku 7. Siku ya tatu muwasho ulikatika. Siku kumi baada ya kumaliza dozi, ngozi ililipuka kuliko mwanzo. Mzunguko huo ulijirudia mara 9 ndani ya miezi 14. Jumla ni miligramu 1,890, na hakuna kituo kilichojua kuwa kingine nacho kilitoa.

Siku ya kwanza kliniki

Uzito kilo 58, ongezeko la kilo 6 kwa mwaka. Mashavu yamejaa, michirizi ya zambarau kwenye mapaja. Shinikizo la damu 138/88. Karibu asilimia 45 ya ngozi ilikuwa imeathirika. Viwiko, shingo na miguu vilikuwa vinene na vyenye mistari kwa sababu ya kujikuna miaka na miaka. Kulikuwa na magaga ya manjano shingoni na nyuma ya magoti, dalili ya bakteria.

Alipimwa kwa alama za EASI, kipimo cha ukali wa ukurutu, ambazo huanzia 0 hadi 72. Alipata 31, nazo zaidi ya 21 huhesabiwa kuwa ugonjwa mkali. Kwenye maswali 10 ya athari za ugonjwa wa ngozi kwenye maisha, yenye alama 0 hadi 30, alipata 22. Alikuwa analala kama saa 3 kwa usiku.

Barua ya rufaa, hata hivyo, ilisema: “Ukurutu wa wastani, hakuna wekundu.” Kweli, wekundu haukuonekana. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa ndani hujionyesha kwa rangi ya zambarau, ya kijivu au weusi uliozidi ule wa ngozi ya pembeni, na mara nyingi kwa vipele vidogo vidogo kuzunguka vinyweleo. Anayesubiri wekundu ataandika “wastani” hata ugonjwa ukiwa mkali. Daktari wa kliniki alitumia mkono: ngozi yenye joto, iliyoinuka na nene hupewa alama zake zote hata kama jicho halioni nyekundu.

Wiki tatu za kazi kabla ya dawa kali

Mgonjwa alitarajia kuondoka na dawa kubwa siku ileile. Timu ilikataa, kwa sababu kadhaa.

Kwanza, si kila muwasho wa miaka ni pumu ya ngozi. Mtoto wake na dada anayeishi naye walikuwa wanajikuna usiku. Upele unaoletwa na utitiri ukikutana na dawa ya kushusha kinga hugeuka magamba mazito yenye maelfu ya utitiri, na nyumba nzima huambukizwa. Kwa hiyo kaya yote ilitibiwa siku moja. Mama alipewa ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo, yaani vidonge 4 vya miligramu 3, akarudia baada ya siku 14. Mtoto, kwa kuwa hakufika kilo 15, alipakwa permethrini asilimia 5. Nguo na mashuka vilifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Ivermektini hiyo ilifanya na kazi ya pili. Pwani yetu ina minyoo inayopenya miguu peku iitwayo strongiloidi. Mnyoo huyu anaweza kuishi mwilini miaka mingi bila dalili, kisha mgonjwa akipewa steroidi nyingi akasambaa hadi mapafuni na kuua. Mtu aliyepewa prednisoloni mara 9 bila kutibiwa minyoo hii alikuwa anacheza kamari bila kujua.

Pili, ngozi ilikwanguliwa kutafuta fangasi, kwa kuwa krimu zenye steroidi huficha sura yake. Hawakuonekana. Kipande cha ngozi cha milimita 4 kilipelekwa maabara kuondoa shaka ya saratani ya limfu ya ngozi, ambayo mwanzoni hufanana sana na ukurutu na huweza kuharakishwa na dawa za kushusha kinga. Majibu yalirudi baada ya siku 16: ukurutu.

Tatu, bakteria walitibiwa kwa flukloksasilini miligramu 500 mara 4 kwa siku, siku 7.

Nne, na hapa ndipo wengi huruka, tiba ya kupaka ilipewa nafasi ya kweli. Kipimo ni ncha ya kidole: krimu iliyokamuliwa kutoka mstari wa kiungo cha mwisho hadi ncha ya kidole cha shahada ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji karibu gramu 20 kwa mpako mmoja. Asilimia 45 ya mwili ni gramu 9. Kwa siku 14 ni gramu 126, zinazohitaji tyubu 9 za gramu 15. Mama huyu alikuwa anatumia tyubu 1 kwa mwezi. Faili lake lilisema “krimu zimeshindwa”, lakini kwa kiasi kile zisingeweza kushinda.

Alipewa betamethasoni ya asilimia 0.1 ya mafuta mara moja kwa siku mwilini, haidrokotisoni asilimia 1 usoni, na mafuta ya kulainisha gramu 250 kwa wiki. Mafuta ya mgando yana shida yake Tanga: mchana wa joto huziba jasho, na jasho lililozibwa huwasha na kuleta vipele vya vinyweleo. Ilipangwa mafuta ya mgando yapakwe usiku tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na asubuhi atumie mafuta ya nazi mepesi yasiyo na manukato. Sabuni ya kufulia iliondolewa bafuni. Kazini alivaa glovu za mpira juu ya glovu za pamba, dakika 20 kwa wakati, maana zikikaa zaidi jasho la ndani huharibu kazi yote. Usiku, sehemu nene zilivishwa fulana ya pamba iliyochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, juu yake fulana kavu, kwa saa 2.

Baada ya wiki 3 EASI ilishuka kutoka 31 hadi 19. Alilala saa 5. Ilikuwa nafuu halisi, lakini maswali ya maisha bado yalitoa alama 15, na kila alipopunguza betamethasoni ugonjwa ulirudi ndani ya siku 4. Sasa sababu ya kutumia dawa ya kumeza ilikuwepo.

Madaktari watatu, maoni matatu

Tabibu wa kituo cha afya aliuliza kwa nini asiendelee na prednisoloni kidogo kidogo, miligramu 5 au 10 kila siku. Sababu zake hazikuwa za kizembe. Dawa ipo kila mahali, ni rahisi, anaijua, na methotreksati, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, kwake ni dawa ya saratani. “Likitokea jambo, nani atasimama?” aliuliza.

Daktari wa magonjwa ya ndani alipendelea azathiopirini, kwa kuwa mama alisema anataka mtoto wa pili baadaye, na hii ni mojawapo ya dawa chache za kundi hili ambazo mjamzito anaweza kuendelea nazo. Dozi ingekuwa kama miligramu 100 kwa siku. Kikwazo ni kwamba baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng’enya kinachoivunja, kiitwacho TPMT, na kwao dozi ya kawaida huua uboho, mahali damu inapotengenezwa ndani ya mifupa. Kipimo hicho hakikupatikana.

Daktari wa ngozi alitamani siklosporini, angalau miezi 3 ya mwanzo, kwa sababu hufanya kazi ndani ya wiki 2 hadi 4. Miligramu 3 kwa kilo ingekuwa takriban 175 kwa siku, kwa mafungu mawili. Lakini dawa hii hupandisha shinikizo la damu na kubana figo, na mgonjwa alikuwa na 138/88 mara mbili mfululizo. Inahitaji kupima kreatinini (kipimo cha figo) na shinikizo kila wiki 2 mwanzoni, na bei yake ilizidi uwezo wa familia isiyo na bima. Eneo lenye machungwa na mabalungi mengi kama Tanga lina jambo lake pia: balungi hupandisha kiwango cha siklosporini kwenye damu, na hakuna anayefikiria tunda kuwa dawa.

Tofauti hizi si za Tanga peke yake. Uchunguzi wa maoni ya madaktari wa ngozi za watoto Ulaya, uliochapishwa 2013, ulipata majibu ya madaktari 343. Karibu 7 kati ya 10 walisema huanzisha dawa za kushusha kinga kwa watoto wenye pumu kali ya ngozi, ila chaguo la kwanza liligawanyika: siklosporini asilimia 43, steroidi za kumeza asilimia 31, azathiopirini asilimia 22. Methotreksati iliachwa nyuma, na majaribio ya kulinganisha dawa hizi yalikuwa machache.

Yaliyofuata yamebadili picha. Jaribio la Uholanzi la 2011 kwa watu wazima 42 lilikuta methotreksati na azathiopirini zinakaribiana: baada ya wiki 12 ukali ulipungua kwa asilimia 42 na 39. Jaribio la Uingereza na Ireland lililochapishwa 2023, kwa watoto na vijana 103, lilikuta siklosporini ina kasi zaidi kufikia wiki 12, lakini baada ya dawa kusimamishwa waliotumia methotreksati walibaki na nafuu zaidi. Mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani wa 2024 unazikubali kwa masharti siklosporini, methotreksati, azathiopirini na maikofenoleti kwa watu wazima, na unashauri kutotumia steroidi za kumeza. Sindano za dupilumab, zilizoidhinishwa Marekani 2017, zimepewa nguvu zaidi kwenye mwongozo huo. Kwa bei yake, kwa mama huyu hazikuwa za kuzungumzwa.

Uamuzi ulikuwa methotreksati. Ni nafuu, ni mara moja kwa wiki, haipandishi shinikizo, na vipimo vyake vikuu viwili, picha nzima ya damu na ini, vingeweza kufanyika Tanga. Suala la mimba lilijibika: mgonjwa alikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango kilichobakiza miaka 2, na alisema mtoto wa pili atasubiri. Aliambiwa bila kuzungusha maneno kwamba dawa hii huharibu mimba, na kwamba kijiti hakitolewi hadi miezi 6 ipite tangu dozi ya mwisho.

Kuanza methotreksati

Kabla ya kidonge cha kwanza: picha nzima ya damu, ini, kreatinini, sukari, homa ya ini B na C, VVU, mimba, eksirei ya kifua na maswali ya kifua kikuu. Vyote vilikuwa sawa.

Wiki ya 1 alipewa miligramu 5, dozi ya kuonja, na damu ikapimwa siku ya 7. Wiki ya 2 hadi ya 4 miligramu 10. Kuanzia wiki ya 5 miligramu 15, yaani vidonge 6 vya 2.5. Siku ilikuwa Ijumaa baada ya Isha, kwa kuwa kwenye nyumba yake Ijumaa haisahauliki. Asidi ya foliki miligramu 5, ya kupunguza madhara ya methotreksati, ilimezwa Jumatatu.

Bahasha ya dawa ilileta shida ambayo kila mfamasia wetu anaifahamu. Tumezoea kuandika “1×3” au “2×2”, na dawa ya wiki haina mahali kwenye mtindo huo. Ukiandika “6×1” umempa mtu sumu ya kila siku. Mfamasia aliandika kwa maneno, kwa kalamu nene: IJUMAA TU. VIDONGE 6. MARA MOJA KWA WIKI. Alitoa vidonge vya wiki 4 tu, ili hata kosa likitokea stoo ya nyumbani iwe ndogo.

Mgonjwa alipewa pia kadi. Moja ya mistari yake ilisema: “Usitumie dawa nyingine yoyote bila kumuuliza daktari.”

Wiki ya 4 kituo cha afya hakikuwa na vitendanishi. Damu haikupimwa. Wiki ya 5 dozi ilipandishwa kama ilivyopangwa.

Wiki ya saba

Jumamosi, siku moja baada ya dozi ya tatu ya miligramu 15, mgonjwa alipata homa na maumivu ya kukojoa. Kituo kilikuwa mbali, duka la dawa lilikuwa hatua chache kutoka kwake. Alipewa Septrin, vidonge 2 mara 2 kwa siku 5.

Siku ya 4 midomo na ulimi vilitoka vidonda. Siku ya 6 fizi zilitoa damu na homa ikapanda. Mama yake mkubwa alimpeleka kituo, tabibu akaiona kadi, akapiga simu. Chembe za damu zilikuwa zimeshuka: nyeupe 1.8, kati ya hizo nyutrofili 0.7, chembe sahani 62, hemoglobini 8.9; kreatinini imepanda hadi 118. Malaria hakuna.

Methotreksati na asidi ya foliki hugombania njia moja. Kotrimoksazoli, dawa iliyo ndani ya Septrin, nayo huziba njia hiyohiyo, na juu ya hapo huzuia figo kutoa methotreksati. Uboho, ambao hauishi kugawa seli, ndio unaoumia kwanza.

Dawa zote mbili zilisimamishwa. Alipewa asidi ya foliniki miligramu 15 kila saa 6, maji ya mshipa na seftriaksoni gramu 2 kwa siku, na kusukutua kwa maji ya chumvi. Ieleweke kwamba asidi ya foliki ya kawaida haifai kuokoa hapa, hata ukitoa nyingi, kwa sababu inahitaji kimeng’enya kilekile ambacho methotreksati imekifunga. Asidi ya foliniki huruka hatua hiyo. Majina yanafanana, na kosa hilo hufanyika. Ilipatikana kwenye stoo ya dawa za saratani baada ya saa 5 za kuulizia. Siku ya 5 chembe nyeupe zilifika 3.2. Siku ya 8 aliruhusiwa.

Alipoulizwa kama alisoma kadi, alijibu: “Niliisoma. Nikamuuliza dokta, akasema hii salama.” Dokta aliyemtaja ni muuzaji wa duka.

Kuanza upya

Wiki 6 bila dawa, EASI ilirudi hadi 24. Daktari wa magonjwa ya ndani alirudisha hoja ya azathiopirini. Daktari wa ngozi alisema mwili wa mgonjwa haukuikataa methotreksati. Sababu ya ajali inajulikana na inaweza kufungiwa mlango, ilhali azathiopirini bila kipimo cha TPMT ni hatari isiyojulikana. Pia azathiopirini na kotrimoksazoli nazo hushusha damu zikikutana, kwa hiyo kubadili dawa kusingeondoa tatizo la dukani. Mgonjwa aliamua mwenyewe: “Ile ilinipa usingizi. Iliyoniangusha ni ile nyingine.”

Alianza na miligramu 7.5 kwa wiki 2, akaenda 10 kwa wiki 4, akasimama kwenye 12.5. Damu ilipimwa kila wiki kwa wiki 4, kisha kila wiki 4, na baadaye kila miezi 3. Mwezi wa 5 kipimo cha ini cha ALT kilifika 61; kilirudiwa baada ya wiki 2 kikawa 38.

Matokeo

Wiki ya 16 tangu aanze upya EASI ilikuwa 9, na mwezi wa 12 ilikuwa 5. Alama za maisha zilishuka kutoka 22 hadi 4. Hajameza prednisoloni hata kidonge kimoja, uzito umepungua kilo 4, shinikizo ni 122/78. Betamethasoni hupaka siku 2 kwa wiki kwenye viwiko na vifundo, hata kama ni visafi.

Kilichobaki ni weusi wa mabaka. Mwezi wa 6 alileta kopo la mkorogo alilouziwa sokoni, akauliza kama atumie. Weusi huo hupungua kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, na mara nyingi mikorogo hiyo huwa na klobetasoli, steroidi kali kuliko zote alizowahi kupaka. Angerudi mwanzo kwa mlango mwingine. Jambo hili lilipaswa kuelezwa siku ya kwanza, kwa sababu mgonjwa asiyejua kwamba muwasho huisha kabla ya weusi hudhani tiba imeishia nusu.

Uchambuzi

Kosa zito zaidi lilikuwa kwenye sentensi ya kadi. Mgonjwa hakuipuuza, aliitii. Aliambiwa amuulize daktari, na mtaani kwetu kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa huitwa dokta. Muuzaji naye hakufanya lisilo la kawaida: Septrin kwa maumivu ya kukojoa ni jambo alilolifanya mara nyingi, na mbele yake hakukuwa na kitu kilichomwambia kwamba mteja huyu ni tofauti. Kadi ilimlenga mgonjwa, wakati macho yaliyohitaji kuisoma yalikuwa ya muuzaji. Kadi mpya imegeuzwa. Juu imeandikwa “WEWE UNAYETOA DAWA, SOMA HAPA”, na chini yake majina, si maelezo: Septrin, kotrimoksazoli, trimethoprimu, SP (dawa ya malaria wanayopewa wajawazito). Halafu mstari wa tahadhari kwa diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huweza kubana figo zikabakiza methotreksati mwilini. Halafu namba ya simu ya kliniki. Dawa ya mseto ya malaria imeandikwa kuwa inaruhusiwa, ili woga usimnyime mtu tiba ya malaria.

Wiki ya 4 ilikuwa onyo lililopitwa. Huenda damu ingekuwa nzuri siku ile. Septrin ilikuja baadaye. Hata hivyo dozi ilipandishwa gizani, na kliniki imeweka kanuni ngumu: bila majibu ya damu dozi haipandi, inabaki ilipo hadi majibu yaje. Vitendanishi vikiisha mfululizo, dozi inashuka. Kanuni hii ina gharama, nafuu huchelewa, lakini mgonjwa wa ngozi anaweza kusubiri wiki 2.

Kuhusu prednisoloni, tabibu aliyeuliza nani atasimama aliuliza swali sahihi. Dawa hii haimlazimishi mtu kusimama. Inatoa nafuu siku ya tatu, mgonjwa anashukuru, na madhara yanajitokeza miezi baadaye kwenye kituo kingine chenye faili jingine. Methotreksati hudai jina la mtu, tarehe za vipimo na simu inayopokelewa. Madaktari wengi wanaosema wanaogopa dawa za kushusha kinga wanaogopa ufuatiliaji usiokuwepo, na hofu hiyo ni ya haki. Tiba yake ni kujenga ufuatiliaji. Kuandika vidonge 6 vya prednisoloni kwa mara ya kumi kunauficha tu upungufu huo. Kwenye kisa hiki kituo cha afya kilipewa orodha ya tarehe za damu, kikafanya vipimo vya picha nzima wenyewe, na tabibu yuleyule ndiye aliyeitambua hatari siku ya 6. Bila yeye kisa kingeisha vibaya.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni zile wiki 3 za mwanzo. Zilishusha alama 12, ziliondoa upele, minyoo, fangasi na saratani kwenye orodha ya shaka, na zilimfanya mgonjwa ajue mikononi mwake tofauti ya tyubu 1 na tyubu 9. Wapo watakaopona kwenye hatua hiyo na wasihitaji kabisa dawa ya kumeza.

Lililo mbele

Mama anataka kujaribu mimba mwakani. Mpango ni kupunguza methotreksati kwa miligramu 2.5 kila mwezi, kuisimamisha, kuhesabu miezi 6, ndipo kijiti kitolewe. Akilipuka katikati, azathiopirini itajadiliwa upya.

Kuna jambo moja la kufanya siku kijiti kitakapotolewa, nalo limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye faili. Kliniki ya wajawazito itampa SP ya kuzuia malaria, na kadi aliyonayo inakataza SP. Miezi 6 baada ya dozi ya mwisho methotreksati haitakuwepo tena mwilini, na SP atakuwa anaihitaji. Kwa hiyo kadi inachukuliwa mkononi mwake na kuchanwa siku kijiti kinapotolewa. Asidi ya foliki kuanzia hapo ni miligramu 0.4 kila siku, si ile ya 5 aliyoizoea, kwa sababu dozi kubwa hudhoofisha SP. Vidonge vya miligramu 5 vilivyobaki nyumbani atakuja navyo.